Kicheko Chenye Saa ya Kufunga

Kila wiki kikundi cha wachekeshaji kutoka Victoria, mji wa pwani ya magharibi ya Kanada, hutoa ratiba. Ukiitupia jicho utadhani ni ile karatasi ya vipindi iliyobandikwa ukutani kwa darasa la sekondari: siku upande huu, saa upande ule, jina la kipindi katikati. Ila badala ya Hisabati na Kemia kuna watu wanaocheza gemu. Siku moja ni gemu za kutisha. Siku nyingine ni za kupiga risasi. Siku nyingine watu wameketi mezani na kete na kadi, kompyuta zimewekwa kando. Saa mbili tatu hivi, halafu kipindi kinaisha, watu wanaaga, kamera inazimwa.

Kikundi kinaitwa LoadingReadyRun. Nimekifuata kwa miaka kadhaa sasa, na kuna jambo nataka kulitetea ambalo sisikii likisemwa tunapozungumzia burudani ya mtandaoni. Kitu cha maana zaidi walichobuni hawa watu ni hiyo ratiba, kuliko mzaha wao wowote ninaoukumbuka. Na kwenye ratiba yenyewe, sehemu ya maana zaidi ni ile saa ya kufunga.

Kwanza, ni akina nani? Graham Stark na Paul Saunders walianzisha LoadingReadyRun mwaka 2003, miaka miwili kabla ya YouTube kuzaliwa. Jina limetoka kwa maneno yaliyokuwa yakitokea kwenye skrini ya Commodore 64, ile kompyuta ya miaka ya 80, ulipokuwa ukipakia programu. Kazi yao ilikuwa kuandika na kurekodi igizo fupi la kuchekesha, moja kila wiki. Yaani tangu siku ya kwanza walikuwa watu wa kalenda. Baadaye ikaja Unskippable, mfululizo uliokuwa ukitoka kwenye jarida la mtandaoni The Escapist, ambapo Stark na Saunders walitia maneno yao juu ya zile sinema ndogo za ndani ya gemu ambazo huwezi kuziruka hata ubonyeze nini. Zikaja Crapshots, vichekesho vya kama dakika moja hivi. Mwaka 2012 ikaja Friday Nights, inayohusu watu waliopagawa na mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering. Tazama chochote katika hivyo utaona mikono ya watu wanaojua kukata. Mzaha unaingia, unauma, unatoka. Hakuna sekunde inayozurura.

Kisha, kidogo kidogo, uzito wa kazi yao ukahamia kwa laivu. Twitch ilizinduliwa mwaka 2011, Amazon wakainunua 2014, na wachekeshaji hawa wakawa miongoni mwa waliohamishia maisha yao huko. Swali kwangu kama mtazamaji ni hili: mtu aliyezoea mzaha wa dakika moja akipewa saa tatu, anazifanyia nini?

Lakini kabla ya hapo kuna swali lingine la kumalizana nalo, lile ambalo huulizwa kwa dharau kidogo. Mtu mzima, mwenye akili zake, anakaaje kumtazama mtu mwingine akicheza gemu?

Mtu aliyekulia mtaani Nairobi ana jibu tayari. Kibanda cha PS. Mabati, televisheni mbili, pedi ambayo kitufe kimoja kimekwama, na benchi. Unalipa kwa mechi, anayeshinda anabaki. Kwa hivyo saa nyingi ulizokaa mle hukucheza, ulitazama. Ulikaa kwa benchi ukingoja zamu yako, na kazi ya benchi ilikuwa mdomo. Msee akifungwa bao la kijinga, alichongolewa yeye, timu yake, viatu vyake na mahali alikonunua viatu vyake. Mchongoano haukuwa pambo la gemu. Wengine tulienda kwa ajili ya benchi, na pesa ya mechi ilikuwa kiingilio tu.

Basi ukiielewa ile benchi, umeielewa nusu ya LoadingReadyRun.

Fungua strimu nyingi za gemu na utamkuta mtu mmoja chumbani, taa za rangi nyuma yake, anaongea na watu asiowaona. Maneno yao yanapanda kwenye chati, na kati ya anachofanya yeye na wanachojibu wao kuna sekunde kadhaa za kuchelewa, kwa sababu picha inasafiri. Kwa mchekeshaji sekunde hizo ni sumu. Anatupa mzaha, kimya. Anaendelea na jambo lingine, ndipo kicheko kinafika, kimeandikwa, kimechelewa kama mgeni wa harusi anayeingia pilau imeisha. Ndiyo maana wengi wao huishia kupiga kelele. Kelele haihitaji jibu.

Katika vipindi vya LoadingReadyRun mara nyingi kuna mtu wa pili. Hajashika pedi. Yeye ni benchi. Anacheka pale pale, anauliza swali la kijinga, anaona kile mwenye pedi hakukiona. Mzaha unapata mtu wa kuupokea chumbani humo humo, na chati inageuka kuwa benchi ya pili, ile ya nyuma, inayochelewa kidogo lakini ina watu wengi na kumbukumbu ndefu. Hii ndiyo faida ya kuwa kikundi, na kikundi cha watu waliofanya igizo pamoja kwa miaka. Mtu akianza sentensi, mwenzake anajua inaelekea wapi na anamwekea mguu ajikwae.

Halafu kuna kanuni. Kila kipindi kina kanuni yake, na ukitazama kwa makini utaona utani wote unatoka hapo.

Chukua Let's Nope, ambapo Alex Steacy amecheza gemu za kutisha. Jina lenyewe ni ile "hapana" ya mtu anayerudi nyuma taratibu kutoka mlango wa giza. Kanuni ni kwamba hata useme hapana mara ngapi, utaingia. Sasa, waliofanya biashara ya kuogopa mtandaoni ni wengi, na wengi wao wanauza ile sekunde ya kuruka kitini. Kinachonichekesha hapa ni dakika kumi kabla ya hiyo sekunde. Mtu mzima, anayejua fika kwamba anachoogopa ni picha, anatafuta sababu za kiungwana za kutofungua mlango. Woga ukiwa mrefu hivyo unakuwa tabia ya mtu, na tabia ya mtu ndiyo shamba la vichekesho. Klipu ya sekunde thelathini haiwezi kukupa hilo. Itakupa kelele peke yake.

Chukua Watch+Play. Hapa Graham Stark hucheza gemu zilizopendekezwa na watazamaji, nyingi zikiwa ndogo, nyingi za bure, nyingine zimetengenezwa na mtu mmoja aliyekuwa akijifunza. Kanuni: unacheza ulicholetewa. Hatari ya kipindi kama hiki iko wazi. Ni rahisi sana kumcheka mnyonge, na mtandao una njaa ya aina hiyo ya kicheko. Ninavyomsoma Stark, yeye hufanya jambo gumu zaidi. Huitendea gemu mbovu kama kazi ya mtu, akijaribu kuelewa ilitaka kuwa nini, na kicheko kinatoka kwenye pengo kati ya ilichotaka na ilichofanikiwa kuwa. Huo ni uhakiki, bana. Nimesoma mapitio ya vitabu humu nchini yasiyo na huruma hiyo wala umakini huo.

Au chukua IDDQDerp, kipindi cha gemu za kupiga risasi. IDDQD ni herufi ulizokuwa ukiandika katika Doom, gemu ya 1993, ukawa hufi tena. Wao wakaongeza mkia unaomaanisha uzuzu. Jina tayari ni mzaha kamili: hata ukipewa uzima wa milele, ujinga ni wako mwenyewe. Talking Simulator nacho kinacheza na gemu ambazo kazi yako ni kutembea na kusikiliza hadithi, kinazifanya kisingizio cha maongezi. AFK ni ya michezo ya mezani. Dice Friends ni ya kuigiza wahusika kwa kete, kwa hivyo pale ndipo wanarudi karibu zaidi na uigizaji wao wa zamani. Vipindi huja na kwenda, ratiba ya leo si ya miaka mitano iliyopita, na baadhi ya hivi unaweza kukutana navyo kama marudio tu. Lakini muundo haubadiliki: mtu unayemjua, kanuni unayoijua, tatizo jipya.

Wazazi wetu wangeuelewa muundo huo haraka kuliko sisi. Vitimbi ya KBC ilikuwa na siku yake kwa wiki, na Mzee Ojwang' hakuhitaji kukutumia arifa kwa simu. Ojwang' alikuwa Ojwang' yule yule, Mama Kayai yule yule, na kilichokuja kipya ni balaa la wiki hiyo. Ulikuwa unajua atakavyokasirika kabla hajakasirika, na kujua huko kulikuwa nusu ya raha. Sisi tuliolelewa na mtandao tumezoea kitu kingine: burudani isiyo na siku, inayomwagika tu, kidole kikisukuma. Hatungoji mtu. Na kwa sababu hatungoji, hakuna anayefika.

Mzizi wa haya yote, naamini, uko kwa basi.

Mwaka 1995 wanamazingaombwe wa Marekani, Penn na Teller, walikuwa na gemu iliyokaribia kutoka kwa mashine ya Sega CD, ikaishia kutotoka. Ndani yake mlikuwa na mchezo mdogo ulioitwa Desert Bus. Unaendesha basi tupu kutoka Tucson, Arizona, hadi Las Vegas, Nevada. Safari inachukua saa nane, saa nane za kweli za saa ya ukutani. Basi halizidi maili 45 kwa saa, kama kilomita 72, yaani hata speed governor ya Michuki ingelipungia mkono lipite. Barabara haina kona. Hakuna gari lingine. Huwezi kusimamisha gemu ukaenda msalani. Na basi lenyewe linavuta kidogo kulia, kwa hivyo huwezi kubandika kitufe kwa gundi ukalala. Ukitoka barabarani, unavutwa kurudi Tucson, na kuvutwa huko pia ni kwa muda halisi. Ukifika Las Vegas unapata pointi 1, na unaulizwa kama ungependa kuendesha safari ya kurudi. Fikiria Nairobi hadi Mombasa bila kusimama Mtito Andei kwa chai, bila abiria, bila hata mhubiri wa kuingia Machakos akiuza dawa ya meno. Ilikuwa kejeli kwa wanasiasa waliolalamika kwamba gemu zimejaa ukatili. Mnataka maisha ya kweli? Haya, shikeni.

Mwaka 2007 LoadingReadyRun wakalichukua basi hilo wakalifanya harambee. Desert Bus for Hope: tunaendesha mradi mnachanga, na pesa zinaenda kwa Child's Play, shirika linalopeleka vitu vya kuchezea na gemu kwa watoto waliolazwa hospitalini. Mwaka huo wa kwanza walipata dola 22,805. Tangu hapo wameendesha kila mwaka, na jumla ya miaka yote imepita dola milioni 10. Kumbuka Twitch haikuwepo bado. Watu hawa waligundua miaka minne mapema kwamba gemu inayochosha kuliko zote duniani inaweza kuwa ukumbi, kwa sababu mchezo usiokupa chochote unaacha nafasi yote kwa walio chumbani. Kuna nyimbo, kuna minada, kuna changamoto za kipuuzi, na pembeni kuna mtu mmoja ameshika usukani, macho yamemtoka, anavuta basi kushoto.

Lakini tazama kanuni ya pesa. Saa ya kwanza inagharimu dola 1. Kila saa inayofuata inapanda kwa asilimia 7. Nimekaa na kikokotoo nikaipiga hesabu hiyo. Saa ya 24 ni kama dola 4.74, bei ya chakula cha mchana mjini. Saa ya 100 ni kama dola 811. Ukifika saa ya 168, yaani wiki nzima, saa hiyo moja peke yake inahitaji zaidi ya dola 80,000, na jumla ya wiki imepita milioni 1.2. Unaona walichofanya? Kadiri watu wanavyopenda, ndivyo basi linavyoendelea, lakini mwisho umeshafungiwa ndani ya hesabu. Hata ukarimu wa dunia nzima hauwezi kumfanya dereva aendeshe milele. Kuna siku atashuka.

Linganisha na kile kinachoitwa subathoni, ambapo kila anayejisajili kwa malipo anaongeza dakika kwenye saa inayohesabu kurudi nyuma. Mwaka 2021 Ludwig Ahgren wa Marekani alikaa laivu siku 31 kwa mtindo huo, akilala mbele ya kamera. Ni tukio la kukumbukwa, na jamaa ni mcheshi kweli, sibishi. Ila hesabu ya subathoni imegeuzwa kichwa chini: bei ya saa haipandi, kwa hivyo upendo wa watazamaji ndio unaomzuia mtu kwenda nyumbani. Ikabidi siku 31 ziwekwe kama kikomo kutoka nje. Kwa basi, kikomo kiko ndani.

Zamu nazo zimepangwa. Siku ya Desert Bus imegawanywa mara nne, saa sita sita, na kila zamu ina jina: Dawn Guard, Alpha Flight, Night Watch, Zeta Shift. Mtu anaingia, anafanya kazi, anatoka, mwingine anaingia. Hakuna shujaa asiyelala. Zeta ndiyo ya usiku wa manane hadi alfajiri kwa saa za Victoria, wakati akili zimelegea na utani unaanza kuwa wa ajabu. Na hapa jiografia inatupa zawadi. Novemba, usiku wa manane wao ni saa tano asubuhi yetu. Zamu ya wazimu inaanza wewe ukiwa kwa dawati, na inaisha saa kumi na moja jioni ukitafuta matatu. Nimewahi kupitisha wiki nzima ya ofisi na kipokea sauti sikio moja, watu wasio na usingizi wakiimba upande wa pili wa dunia, mimi nikijaza jedwali.

Vipindi vya kila wiki havina bahati hiyo. Cha jioni kule kinakuja kwetu alfajiri, jogoo akijiandaa. Kwa hivyo wengi wetu huku tunatazama marudio, na marudio ni kitu tofauti. Chati ilishapita. Watu walishacheka. Uko kwa benchi lakini benchi ni tupu, unaona tu alama za makalio. Bado kinachekesha, ila unachekeshwa kama msomaji anavyochekeshwa, peke yako, kwa kuchelewa. Nadhani hilo ni jambo la kulisema wazi badala ya kujifanya kwamba mtandao umefuta umbali. Haujaufuta. Umetuuzia nakala.

Sasa, lawama. Ziko.

Ya kwanza ni umbea wa ndani. Miaka ishirini ya mizaha imejengeana kuta, na mgeni anayeingia leo atajikuta kama mtu aliyealikwa chakula kwa familia ya wenyewe: wanacheka, wanataja jina la mjomba, wewe unatabasamu tu. Ratiba inasaidia, kwa sababu kila kipindi kinaanza na kanuni mpya ya kushika, lakini haimalizi tatizo.

Ya pili ni ukweli mchungu kuhusu saa tatu. Siku nyingine mna dakika kumi na tano za dhahabu, na zilizobaki ni mtu anapanga vitu kwa mkoba wa gemu. Crapshots hazikuwahi kunifanya nitazame saa. Msuli wa kuandika, ule wa kuua sentensi nzuri kwa sababu kuna nzuri zaidi, haufanyi mazoezi mbele ya chati. Ndiyo maana kazi yao ninayoiheshimu zaidi katika zama za laivu ni LoadingReadyLive, kipindi cha maigizo mafupi kilichokuwa kikienda hewani mara moja kwa mwezi. Pale walikuwa wameandika, wakafanya mazoezi, halafu wakajianika hewani bila fursa ya kurudia. Hapo unaona kuandika na kuwepo vikisaidiana. Nikiwa mkali, ningesema vipindi vya wiki ndivyo vinavyolipa kodi ya nyumba ambamo LoadingReadyLive iliishi.

Ya tatu ni nzito zaidi. Vichekesho hivi havina adui. Mimi ni mtu wa nchi ambayo mwishoni mwa miaka ya 90 vijana watatu wa Redykyulass, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walisimama wakamwigiza Rais Moi angali madarakani, na watu walicheka huku wakitazama mlangoni. Nikitoka kwa kumbukumbu hiyo nikaenda kwa Watch+Play, najua nimevuka mpaka. Upole wa LoadingReadyRun ni wa kweli, lakini upole wa kila wiki kwa miaka unaweza kuwa blanketi. Kuna siku mtu anahitaji kuchekeshwa na kuna siku anahitaji kuamshwa, na ratiba hii haina kipindi cha pili.

Hata hivyo naendelea kuitetea, na sababu iko hapa kwetu.

Wachekeshaji wengi vijana wa Nairobi leo hawana jukwaa la kudumu wala runinga ya kuwachukua. Wana simu. Wanaingia laivu TikTok usiku, na kanuni ya pale hawakuitunga wao. Ni zawadi. Waridi, simba, majina ya kusomwa kwa shukrani kila sekunde chache, pambano na mtu wa dirisha la pili, anayechangiwa zaidi ameshinda, aliyeshindwa afanye adhabu. Nimewatazama watu wenye kipaji cha kutisha, watu ambao kwa dakika mbili za igizo walinivunja mbavu, wakikaa saa nne wakisoma majina. Hawawezi kuzima, kwa sababu labda simba anakuja. Mzaha unaanza, unakatwa na jina. Unaanza tena. Usiku ukiisha wamepata kitu, pengine nauli na bando ya kesho, lakini hawajafanya kipindi. Wamekesha.

Siwacheki. Kodi ni kodi. Ninachosema ni kwamba tofauti kati ya mkesha ule na kipindi cha Victoria haiko kwa kipaji, na wala haiko kwa kamera nzuri pekee, ingawa kamera, umeme na intaneti ya kuaminika ni mali na wao wanazo. Iko pia kwa nani ametunga kanuni. LoadingReadyRun wanalipwa zaidi na watu wanaochanga kila mwezi kupitia Patreon na Twitch, na mtu wa kuchanga kwa mwezi hanunui mzaha wa sasa hivi. Ananunua uhakika kwamba wiki ijayo, siku ile ile, watu wale wale watakuwepo. Hiyo inampa mchekeshaji ruhusa ya kunyamaza dakika mbili mzaha uive. Inampa pia ruhusa ambayo sijaiona kwa laivu zetu: kusema tumefika mwisho, asanteni, tuonane wiki ijayo, na kuzima huku watu bado wanataka.

Kikundi cha vijana wanne wa Kayole au Likoni hakihitaji Victoria kukifundisha kuchekesha. Benchi tunayo tangu kibanda cha PS, mchongoano tulizaliwa nao. Lakini hebu wafikirie ratiba. Siku moja kwa wiki, saa moja inayojulikana. Watu wawili mbele ya simu badala ya mmoja. Kanuni moja ya kijinga iliyotungwa na wao wenyewe na isiyovunjwa hata simba aje. Na saa ya kufunga iliyoandikwa juu kabisa, kabla ya saa ya kufungua.

Ukitaka kuonja, usianze na marudio ya kipindi kipya zaidi, utapotea kwa mizaha ya ndani. Anza na Crapshots kumi hivi ujue hawa watu wana wembe. Kisha tafuta Watch+Play yoyote ukiwa na kazi ya mikono, unapasi nguo au unachambua sukuma. Let's Nope weka usiku. Na Novemba ikifika, basi likitoka Tucson, ingia saa sita mchana, ukae kidogo na watu wa Zeta. Wakati wao wa kulala ukifika, watabadilishana zamu na kwenda. Wewe pia utakuwa na mahali pa kwenda.